Siri ya Mtungi: Jiko la Minnie Wright na Elimu ya Hisia

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Walikusudia kwamba yaliyomo ndani ya chombo hayajulikani kwa anayekitazama kwa nje, hata macho yake yawe makali namna gani. Hujulikana kwa kile kinachozamishwa humo kila siku, asubuhi na jioni. Methali hii ilitungwa mbali sana na mashamba ya mahindi ya Iowa, katikati ya Marekani. Hata hivyo, si rahisi kupata maneno mengine machache kama hayo yatakayoeleza kiini cha tamthilia ambayo mwanamke wa huko, Susan Glaspell, aliiandika mwaka 1916 na kuiita Trifles, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa Mambo Madogo.

Tamthilia yenyewe ni fupi. Ina tendo moja, na kuigizwa kwake huchukua kiasi cha nusu saa. Mandhari ni jiko la nyumba ya shamba, asubuhi ya baridi kali. Mwenye shamba, John Wright, ameuawa usiku kitandani mwake kwa kamba iliyokazwa shingoni, na mkewe, Minnie, yumo mahabusi. Wanaume watatu wameingia nyumbani humo kutafuta ushahidi: sherifu, ambaye ndiye mkuu wa usalama wa wilaya, mwendesha mashtaka, na jirani aliyekuwa wa kwanza kufika baada ya kifo. Wamefuatana na wanawake wawili, Bi. Peters, mke wa sherifu, na Bi. Hale, mke wa jirani, waliokuja kumchukulia mfungwa nguo na vitu vyake vichache. Wanaume wanapanda ghorofani, wanakwenda bandani, wanarudi na kutoka tena. Wanawake wanabaki jikoni. Pazia linapofungwa, wanawake wanajua kila kitu, na wanaume hawajui lolote. Minnie mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja.

Tamthilia za mwanzo zilizotetea haki za wanawake huko Ulaya na Marekani zilizoea kusimamisha hoja zao mbele ya hadhira waziwazi. Nora wa Henrik Ibsen, katika A Doll's House ya mwaka 1879, humketisha mumewe na kumweleza kwa nini anaondoka. Elizabeth Robins, katika Votes for Women! iliyoonyeshwa London mwaka 1907, aliuleta jukwaani mkutano mzima wa hadhara, pamoja na wasemaji na wazomeaji wake. Kazi hizo zina heshima yake, kwa kuwa zilimpa mwanamke ulimi mahali alipozoea kunyamaza. Glaspell alipita njia nyingine. Katika mchezo wake hakuna hotuba. Wanawake wake wanazungumza juu ya chupa za matunda, aproni na nguo iliyoshonwa vibaya. Humo, katika mazungumzo ambayo mwanamume yeyote angeyapita bila kuyasikiliza, ndimo ilimo hoja yake nzito: kwamba hisia za mwanamke ni njia ya kuujua ukweli, na kwamba mahakama isiyoijua njia hiyo huweza kuhukumu bila kuelewa.

Hoja hiyo haikumjia mtunzi vitabuni. Glaspell alizaliwa Davenport, Iowa, mwaka 1876. Baada ya kumaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Drake mwaka 1899, aliajiriwa na gazeti la Des Moines Daily News. Mwezi Desemba 1900, mkulima mmoja aitwaye John Hossack alipigwa shoka kichwani akiwa kitandani, katika shamba lake karibu na mji wa Indianola. Mkewe, Margaret, aliyekuwa amelala ubavuni mwake, alisema kwamba aliamshwa na kishindo, na kwamba hakumwona aliyetenda. Alikamatwa siku chache baadaye, mara tu baada ya mazishi. Majirani walijua kwamba nyumba ile haikuwa na amani. Mama huyo aliwahi kuwaendea na kuwaeleza hofu aliyokuwa nayo juu ya mumewe, nao walipendelea kutoingilia ya ndani. Mwezi Aprili 1901, juri, yaani jopo la raia kumi na wawili wanaokabidhiwa uamuzi, lilimtia hatiani, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Wote kumi na wawili walikuwa wanaume, kwani sheria haikumruhusu mwanamke kuketi miongoni mwao.

Glaspell, akiwa na miaka ishirini na minne, aliipelekea Des Moines habari na makala ishirini na sita juu ya kesi hiyo. Makala za mwanzo hazikumhurumia mshtakiwa. Zilimchora kuwa mwanamke mkavu, mwenye nguvu na asiyetoa chozi, kama kwamba ukavu wa macho ni nusu ya ushahidi. Baadaye mwandishi alikwenda shambani na kuiona nyumba yenyewe, na tangu hapo kalamu ikapungua makali. Mshtakiwa akaanza kuonekana katika makala kama mama mzee aliyechoka. Lakini mbegu ilikwisha pandwa, na wasomaji walikwisha mjua Margaret Hossack wa magazetini kabla ya kumjua wa kizimbani. Kesi ilipokwisha, Glaspell aliiacha kazi ya gazeti na kurudi kwao kuandika hadithi. Mwaka 1902 Mahakama Kuu ya Iowa iliitengua hukumu. Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1903, juri lilishindwa kukubaliana, na Margaret akaachiliwa. Muuaji wa John Hossack hakujulikana kamwe.

Kesi hiyo ilimkaa Glaspell rohoni kwa miaka kumi na mitano. Majira ya joto ya mwaka 1916, yeye na mumewe, George Cram Cook, walikuwa Provincetown, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Massachusetts. Pamoja na rafiki zao walikuwa wamelifanya banda la kale la samaki, juu ya gati, kuwa ukumbi mdogo wa maonyesho. Humo ndimo Eugene O'Neill, ambaye baadaye jina lake lilienea duniani, alipoonyeshewa mchezo wake wa kwanza mwezi Julai mwaka huo. Palipohitajika mchezo mwingine, Cook alitangaza kwamba mkewe ataandika. Glaspell amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyokwenda kukaa peke yake kwenye mabenchi ya banda lile, akalikodolea macho jukwaa tupu, mpaka jukwaa likageuka kuwa jiko. Trifles ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1916. Mtunzi mwenyewe aliigiza Bi. Hale, na Cook akaigiza mumewe. Mwaka uliofuata aliisimulia upya kama hadithi fupi, akaiita A Jury of Her Peers, yaani juri la watu walio sawa naye. Na katika jina hilo hoja yote imekwisha semwa.

Kwa hiyo yafaa kuingia katika jiko hilo pole pole na kuangalia kilichomo. Mwendesha mashtaka, alipoingia, ameona uchafu. Taulo ina madoa, sufuria hazikuoshwa, na baridi ya usiku imepasua chupa za matunda yaliyohifadhiwa kwa sukari, yakamwagika rafuni na kunata. Anahukumu papo hapo kwamba mwenye jiko hakuwa mama wa nyumba hodari. Minnie, huko mahabusi, alikuwa na wasiwasi juu ya chupa zile; wanaume wanacheka kusikia kwamba mtu anayekabiliwa na shtaka la kuua anasikitikia matunda. Bwana Hale anasema kwa upole kabisa kwamba wanawake wamezoea kujishughulisha na mambo madogo. Ndipo lilipotoka jina la mchezo. Bi. Hale, kwa upande wake, anaziona chupa zilezile na kuona ndani yake mchana mzima wa kiangazi: mwanamke ameinama juu ya jiko la moto, jasho likimtoka, akisaga, akipika na kufunika, ili nyumba ipate ladha tamu wakati wa theluji. Imebaki chupa moja tu iliyo nzima. Aliyewahi kufanya kazi ile hawezi kucheka.

Kisha yako mambo mengine. Meza imepanguswa nusu. Nusu ya pili imeachwa ilivyo. Mkate uko nje ya kasha lake. Ni dalili za mtu aliyekatizwa kazi akiwa katikati, na kila mwenye kuendesha nyumba anajua kwamba kazi haikatizwi hivi hivi. Kiko kikapu cha vipande vya nguo alivyokuwa akiviunga Minnie apate mfarishi wa kutandika. Wanawake wanatazama mishono yake: sawa, sawa, mizuri, halafu ghafla kipande kimoja kimekwenda ovyo, uzi ukiruka huku na huku, kama kwamba mkono ulikuwa ukitetemeka. Hakuna mpelelezi ambaye angekuwa na kipimo cha kupimia ushahidi wa namna hiyo. Bi. Hale anacho, kwa sababu anajua mkono wa mshonaji hufuata moyo wake. Bila kusema neno, anaketi, anaufumua mshono mbaya na kuanza kuushona upya. Bi. Peters anamuuliza kwa hofu anafanya nini. Anajibu kwamba mshono mbaya humkera tu. Wote wawili wanajua, na hadhira inajua, kwamba ushahidi wa kwanza umekwisha haribiwa.

Hatimaye wanaona kizimba cha ndege. Mlango wake umevunjwa na bawaba moja imeng'oka. Ndege hayupo. Wanamkuta baadaye ndani ya kisanduku kizuri cha ushoni, amefungwa katika kitambaa cha hariri: kanari, ndege mdogo wa kufugwa apendwaye kwa kuimba kwake, na shingo yake imenyongwa. Hapo habari nzima inajipanga bila ya mtu kuisema. Minnie, kabla ya kuolewa, alikuwa msichana wa kwaya, mwenye sauti na mavazi ya kupendeza. Aliolewa na mtu aliyelipa madeni yake, asiyekunywa pombe na aliyetimiza ahadi, ambaye kijiji kizima kilimwita mtu mwema, ila alikuwa baridi kama nyumba isiyo na moto. Hakukuwa na watoto. Hata simu, ambayo jirani alitaka washirikiane gharama zake, Wright aliikataa kwa kuwa maneno ya watu yalimchosha. Baada ya miaka mingi ya kimya, sauti pekee iliyosikika nyumbani humo ilikuwa ya ndege yule. Ilipozimwa kwa kunyongwa, ikazimwa kwa namna hiyo hiyo pumzi ya aliyeizima.

Mwendesha mashtaka, huko juu, anatafuta kitu kimoja tu: sababu. Ana maiti, ana kamba, ana mshukiwa. Hana sababu ya kuwapa wazee wa juri ili wapate kisa cha kusadiki. Sababu hiyo imelala chini ya miguu yake, ndani ya kisanduku cha ushoni, na amepita kando yake mara tatu. Kejeli ya Glaspell ni kali, nayo haina kelele. Wanaume wake si wajinga wala si wakatili. Wanafanya kazi yao kwa bidii. Kosa lao ni kudhani kwamba jiko ni mahali pasipokuwa na habari.

Katika sehemu hii Kiswahili kinamfungulia msomaji mlango ambao pengine lugha nyingine haina. Mara mbili wanaume wanawauliza wanawake, kwa mzaha, kama Minnie alikusudia kuushona mfarishi wake kwa mshono wa kawaida au kuufunga kwa mafundo. Jibu la mwisho la Bi. Hale, ambalo ndilo linalofunga mchezo, ni kwamba alikusudia kuufunga kwa mafundo. Mwendesha mashtaka anasikia habari ya ufundi. Mtazamaji anakumbuka fundo la kamba shingoni mwa Wright. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia la tatu, kwani kwetu fundo ni pia kile kinachokaa moyoni mwa aliyeudhika asiseme, kikakaza mwaka hadi mwaka mpaka hakifunguki tena. Glaspell hakulijua neno letu, lakini jambo lenyewe alilijua barabara.

Hata hivyo, uzito wa tamthilia hauko katika kuvumbua aliyeua. Uko katika safari ya Bi. Peters. Bi. Hale alimjua Minnie tangu usichana, na huruma yake ilikuwa tayari kabla ya kuingia. Bi. Peters ni mgeni, na tena ni mke wa sherifu. Mwendesha mashtaka anamtania kwamba mwanamke wa namna hiyo ameolewa na sheria yenyewe. Mwanzoni anaitetea sheria hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbuka somo. Kinachomgeuza si hoja ya mtu yeyote. Ni kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya utotoni: mvulana mmoja alichukua kishoka akamuua paka wake mdogo mbele ya macho yake, na anakiri kwamba, lau hawakumzuia, angemdhuru. Ya pili ni ya ujanani, walipohamia Dakota kwenye mashamba mapya: mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na miaka miwili, na yeye akabaki ndani ya nyumba hiyo peke yake na kimya chake. Kwa kumbukumbu ya kwanza anaijua hasira ya Minnie; kwa ya pili anaujua ukiwa wake. Mtu huyo ambaye hajapata kumwona mshtakiwa hata siku moja kabla ya kesi anamjua kuliko mahakama itakavyomjua.

Huu ndio ufundi wa hisia katika Trifles, na ndipo inapotofautiana na michezo mingi ya huruma iliyokuwa ikiliza watu katika kumbi za zama zake. Hakuna anayelia jukwaani. Hisia hazikuwekwa ili hadhira imhurumie mwanamke kwa udhaifu wake. Zimewekwa kama elimu iliyochumwa kwa kuishi, yenye vipimo vyake na uwezo wa kutoa hukumu. Mwanamke anayekumbuka maiti ya mtoto wake, akailinganisha na ukimya wa nyumba ya mwenzake, anafanya kazi ile ile ya akili anayoifanya mwanasheria anapolinganisha kesi na kesi.

Lakini elimu hiyo ina gharama, na Glaspell hakuificha. Bi. Hale anaishi karibu, umbali ambao ungetembewa, naye hakumtembelea Minnie kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima. Sababu zake ni zile ambazo kila mtu anazo: kazi nyingi, na nyumba yenyewe haikuwa na uchangamfu. Mbele ya ndege aliyekufa anatamka kwamba kutokuja kwake ndiko kosa la jinai, na anauliza ni nani atakayeliadhibu. Hapo tamthilia inageuza kidole kutoka kwa wanaume na kukielekeza kwa wanawake wenyewe. Kumbe kata iliijua siri ya mtungi muda wote, ikanyamaza. Majirani wa Margaret Hossack nao walisikia, wakarudi makwao. Anayelijua hilo hawezi kuuchukua mchezo huu kama sifa tupu kwa undugu wa wanawake. Undugu huo umechelewa. Umefika siku ambayo msaada pekee uliobaki ni kuficha maiti ya ndege mfukoni.

Na yako makosa ya kalamu pia. Mwanamke aliyesimama jukwaani katika banda la Provincetown, akitamka majuto ya Bi. Hale kwa kinywa chake, ndiye yule yule aliyewahi kuwapa wasomaji wa Des Moines picha ya mama mwenye moyo wa chuma. Glaspell hakuutaja uhusiano huo kwa maneno ya kuomba radhi. Alifanya jambo lililo gumu zaidi: alimtoa mshtakiwa jukwaani kabisa. Mara nyingi ukosefu wa Minnie jukwaani umeelezwa kuwa alama ya mwanamke asiyeonekana katika jamii. Ni kweli, lakini waweza pia kusomwa kama adabu. Magazeti yalikwisha utazama sana uso wa Margaret Hossack, yakatafuta humo hatia au usafi. Katika mchezo hapana uso wa kutazamwa. Kuna kazi ya mikono yake tu, na hadhira inalazimika kujifunza kusoma upya.

Msomaji mwenye haki hana budi kuuliza upande wa pili. John Wright ameuawa usingizini. Hakuna aliyemwona akimpiga mkewe. Lililothibitika dhidi yake ni ubaridi na shingo ya ndege. Je, inatosha? Wanawake wawili wamejifanya mpelelezi, wakili, juri na hakimu kwa muda wa nusu saa, wala hawakumsikiliza hata mshtakiwa. Tamthilia haijibu swali hilo, na ingekuwa dhaifu kama ingejibu. Haisemi kwamba kuua ni haki. Inasema kwamba palipo na sheria iliyotungwa na wanaume, ikapelelezwa na wanaume na kuamuliwa na wanaume, haki ya kweli haina mlango halali wa kuingilia, basi huingia kwa kujificha, ikiwa imechafuka njiani. Bi. Peters anajaribu kukitia kisanduku katika mkoba wake, na hakiingii. Anatetemeka. Bi. Hale anakinyakua na kukitia katika mfuko wa koti lake, wakati mlango unafunguliwa. Hapana ushindi katika kitendo hicho. Wanatoka jikoni wakiwa washirika katika jambo ambalo hawataweza kulisimulia kwa mtu yeyote.

Kimya, basi, ndiyo silaha ya wanawake wa Glaspell, na kimya ndicho kilichomuua Minnie kabla hajaua. Je, mambo yangekuwaje kama mshtakiwa angesema? Miaka kumi na miwili baadaye swali hilo lilijibiwa na mwanamke mwingine, mwandishi wa habari kama yeye. Sophie Treadwell alihudhuria kesi ya Ruth Snyder, mkazi wa New York aliyeshtakiwa pamoja na hawara yake kwa kumuua mumewe mwezi Machi 1927. Juri la wanaume watupu liliwatia hatiani wote wawili. Snyder aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 12 Januari 1928, na kesho yake gazeti moja la mji huo likachapisha katika ukurasa wa mbele picha ya mwili wake kitini, iliyopigwa kwa kamera iliyofichwa kifundoni mwa mguu wa mpiga picha. Mwezi Septemba mwaka huo huo, tamthilia ya Treadwell, Machinal, ikafunguliwa Broadway.

Machinal haisimulii maisha ya Snyder, bali imechukua mfano wake. Ina matukio tisa, na mhusika mkuu anaitwa karibu wakati wote Mwanamke Kijana tu, kana kwamba jina ni anasa. Yeye anasema. Anasema ofisini, kitandani, hospitalini baada ya kuzaa, kwa sentensi zilizokatikakatika kama pumzi za mtu anayekimbizwa. Ameolewa na bosi wake kwa sababu mama yake anahitaji kula, na mikono ya bosi huyo humtia kinyaa. Anamsihi mama yake amwelewe, na mama anamjibu habari za viazi na takataka. Mbele ya mahakama, waandishi wa habari wawili wanaandika juu yake kwa wakati mmoja, na kila mmoja anampa mwenendo ulio kinyume na wa mwenzake. Anapoulizwa kwa nini hakudai talaka badala ya kuua, anajibu kwamba hakuweza kumuumiza mume wake kiasi hicho. Jibu hilo ni la kweli kabisa kwa mujibu wa moyo wake, na mahakama haina mahali pa kuliweka. Anakwenda kwenye kiti cha umeme akiwa bado anataka kusema neno, na neno linakatizwa na mashine.

Tamthilia hizi mbili zikiwekwa pamoja huonyesha jambo ambalo kila moja peke yake halionyeshi. Aliyenyamaza ameokolewa, labda, kwa sababu walikuwepo wawili waliokisoma kimya chake. Aliyesema ameangamia, kwa sababu hakuwepo hata mmoja aliyeisikia lugha yake. Kwa hiyo tatizo halikuwa kwamba wanawake hawakuwa na sauti, kama ilivyozoeleka kusemwa. Tatizo lilikuwa masikio. Mwanamke aweza kupewa jukwaa, kizimba, hata ukurasa wa mbele wa gazeti, na bado asisikike, ikiwa waliokaa kuhukumu hawajui kwamba meza iliyopanguswa nusu ni sentensi.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hilo lilikwisha na zama za taa za mafuta. Wanawake wa Marekani walihakikishiwa haki ya kupiga kura na katiba mwaka 1920, lakini kuketi katika juri kulibaki mikononi mwa kila jimbo, na majimbo mengi yalisita. Mwaka 1957 mwanamke mmoja wa Florida, Gwendolyn Hoyt, alishtakiwa kwa kumuua mumewe kwa gongo la mchezo wa besiboli, na akatiwa hatiani na juri lisilokuwa na mwanamke hata mmoja. Sheria ya jimbo ilisema mwanamke hataitwa katika juri mpaka ajiandikishe kwa hiari, kwa kuwa mahali pake ni nyumbani. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali sheria hiyo. Ni mwaka 1975 tu, katika kesi iliyotoka Louisiana, ambapo mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kuwatenga wanawake kwa utaratibu kama huo kunavunja katiba. Juri ambalo Glaspell alilitunga jikoni mwaka 1916 lilisubiri karibu miaka sitini kuruhusiwa kuingia mahakamani kwa mlango wa mbele.

Glaspell aliendelea kuandika. Mwaka 1921 alionyesha The Verge, habari ya mwanamke anayeotesha mimea ambayo haijapata kuwako, na mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa tamthilia ya Alison's House. Baadaye jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu. Alifariki Provincetown mwaka 1948, na miaka ilipita kabla ya wasomi, hasa wanawake, kumfufua katika miaka ya 1970 na baada yake. Leo Trifles husomeshwa katika vyuo vingi na kuigizwa kila mahali panapopatikana meza, kiti cha bembea na kizimba cha ndege kilichovunjika.

Inaigizwa kwa wepesi kwa sababu haihitaji mapambo. Inachohitaji ni watazamaji walio tayari kuyatazama mambo madogo kwa muda wa kutosha, wakiwa na subira ile ile aliyokuwa nayo Bi. Hale alipoishika sindano. Na mtazamaji akishajifunza kusoma mshono uliokwenda ovyo katika nguo ya mwanamke asiyemjua, hatokuwa na udhuru tena wa kutousoma ule ulioko nyumba ya pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ambako hajakwenda kupiga hodi tangu mwaka jana.